Nakshi ya Mkeka wa Dada

Mwaka ule karafuu zilizaa mpaka tukazichoka. Mama angenisikia nasema hivyo angenambia nistaghafiru, maana ni karafuu hizo hizo zilizonisomesha Unguja mpaka darasa la kumi na mbili. Lakini mimi nikiandika naandika nilivyoona, na nilivyoona ni kwamba nilirudi nyumbani na cheti mkononi nikakabidhiwa majamvi saba ya karafuu za kupindua kila siku zikauke, jua kali, harufu ya karafuu imetuingia kwenye nywele, kwenye nguo, mpaka kwenye uji.

Nilikuwa nangoja barua ya kazi ya ualimu. Barua haiji. Na mimi kukaa kungoja kitu kunaniwasha mwili, tangu mdogo niko hivyo. Mama alikuwa akinambia, "Wewe ukiweka chungu motoni, wafunua kifuniko kabla maji hayajapata habari."

Katika hali hiyo ndipo likaja jambo la mkeka.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa na watu wa Mgogoni. Harusi imepangwa Rajabu, karafuu zikishakwisha. Na kwetu sisi mama akimwoza binti wake wa kwanza humtoa na mkeka wa mkono wake mwenyewe, na nakshi yake iwe mpya, haijaonekana huko anakokwenda. Siku moja kabla ya harusi wanawake wa upande wa mume wanakuja kuutazama. Wakiukubali, wanautandika palepale wanaukalia. Wakiwa wameshauona pengine, mmoja wao anasema, "Huu tunao," kwa adabu kabisa, halafu unakunjwa unaegemezwa ukutani. Hakuna ugomvi, chai inanywewa kama kawaida. Lakini jirani yetu wa upande wa kisimani ulikunjwa mkeka wa binti yake, na yule binti sasa ana watoto wanaokwenda chuo cha Kurani, na bado watu wakimtaja mama yake wanasema, yule aliyekunjiwa mkeka.

Mama hakuwa na hofu ya kukunjiwa. Misala yake, mikeka ya kuswalia, watu walikuwa wakiifuata kutoka Fundo kwa ngalawa, na alikuwapo mzee mmoja aliyekwenda na msala wake Hija akarudi nao. Mama alikuwa na hofu nyengine, na mimi niliigundua kwa bahati mbaya.

Alasiri moja tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha nyuma, yeye anasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa baadaye ukawa mkeka, mimi namchania ukindu, yale majani ya mkindu, kuwa chane nyembamba. Akanyoosha mkono. "Nipe nyeusi."

"Si hizo, ziko mapajani mwako."

Akapapasa, akachukua chane moja, akaiingiza. Ilikuwa nyekundu. Nikadhani anafanya mzaha. Nikautazama ukili wenyewe, tangu chini, nikaona nyekundu na nyeusi zimechanganyika kama watu waliokimbia mvua.

"Mama, hiyo si nyeusi."

Akauweka ukili chini, akajipangusa mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Ramadhani. Mbali n'naona watu wapita. Karibu n'naona moshi."

"Nani anajua?"

"Wewe. Sasa hivi."

Nikataka twende kwa daktari, mjini Wete. Akasema keshakwenda, na mimi nikiwa bado Unguja, na daktari kamwambia mambo ya kupasuliwa, na yeye hataki kupasuliwa. Kisha akanambia jambo ambalo nililiandika usiku huo huo kwenye daftari langu nisije nikalisahau, na sasa nalinakili. Alisema: "Nataka mkeka wa dadako utoke ndani ya nyumba hii watu wakijua ni wangu. Ukishatoka, wakitaka na waseme nimepofuka. Lakini nikipofuka kwanza, watausifu kwa kunihurumia, na mimi sebu, sitaki kusifiwa kwa huruma. Na dadako usimwambie. Ataahirisha harusi."

Basi tukapatana. Mimi nimpangie rangi, yeye asuke. Nikamuuliza nakshi yenyewe iko wapi.

"Haijaja."

"Inatoka wapi?"

"Inatoka inakotoka."

Jibu kama hilo linanitia hasira. Mimi nilikuwa nimefundishwa. Skuli tulikuwa na mwalimu wa kuchora, mwanamke wa Kizungu aliyevaa kofia ya majani hata darasani, na yeye alitwambia mtu anayetaka kubuni kitu asikae akangoja, atoke na daftari achore anachokiona. Nami nilikuwa nalo daftari hilo. Unguja nililijaza: vyuma vya madirisha ya mjini, kingo za milango, vigae vya duka la dawa, uso wa saa ya bwana mmoja aliyekuwa akikaa jirani na dahalia, bweni letu la skuli, mpaka mfuniko wa bati la biskuti. Nilipokuwa nachora vitu vile nilikuwa na raha, sikatai. Nilijiona mtu anayeona.

Nikalifungua daftari nikachagua ua la kwenye bati la biskuti. Lilikuwa ua moja limesimama ndani ya chombo, na majani mawili huku na huku. Nikachukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikalinakili humo, kila mraba chane moja, wekundu nikatia wino mwekundu, weusi nikatia penseli. Siku mbili. Lilipokwisha nilikuwa nalifungua kila nikipita kulitazama.

Mama nikamweleza, kwa kuwa kuona haoni.

"Ua hilo lina shina?"

"Lina shina, na majani mawili."

"Shina limesimama?"

"Limesimama wima."

"Basi halisukiki."

"Kwa nini?"

"Chane haisimami, mwanangu."

Nikamwomba anieleze, akasema hana la kueleza zaidi ya hilo. Nami nikaona, Mungu anisamehe, kwamba anakataa kwa sababu hawezi kuliona. Nikachukua chane zangu nikaenda nyuma ya jiko, nikasuka mwenyewe siku nne. Kusuka nilikuwa najua, kila mtoto wa kike kwetu anajua, ila nilikuwa najua ukili mweupe tu wa majamvi.

Sasa nielezee kilichotokea, maana ndilo kosa lenyewe. Kwenye karatasi ya miraba mistari inapanda na kulala. Kwenye ukili hakuna kinachopanda wala kinacholala. Kila chane inakwenda mshazari, inafika ukingoni, inakunjwa, inarudi mshazari upande wa pili, hivyo hivyo mpaka iishe. Huwezi kuiweka nyekundu mahali ikakaa. Uliyoiweka katikati utaikuta ukingoni, na uliyoisahau ukingoni itakurudia katikati, kama mbuzi uliyemfukuza shambani akapitia kwa jirani. Ua langu lililala. Shina lilianguka kushoto, majani yakawa mikwaruzo, na chombo kikatoka kitu sijui cha kukiita.

Nilikuwa nimeutandaza ukili ule kibarazani nautazama alipokuja jirani wa upande wa kisimani kuazima chekeche. Akasimama. Akainama.

"Hiki kitu gani?"

"Ua," nikasema.

"Ua? Hili limelewa tembo la mnazi." Akainua ncha moja ya ukili kwa vidole viwili. "Kasuka nani?"

Nilikuwa nataka kusema ni mimi. Mama yuko ndani, kajibu kabla yangu: "Nimesuka mimi."

Yule jirani akauachia ukili. Akatazama mlangoni, akatazama ukili, na usoni kwake nikaona kitu kinachofanana na furaha, lakini si furaha ya ubaya, ni ya mtu aliyekaa peke yake kwenye benchi miaka mingi halafu akaja mtu wa kukaa naye. "Hata wewe, shoga?" akasema. Akachukua chekeche akaenda zake.

Niliingia ndani nikamkuta mama anachambua mchele kwa vidole. Nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akasema, "Ningesema nini? Niseme mimi nimekaa, mtoto ndiye asuka mkeka wa harusi? Angeuliza kwa nini." Akarudi kwenye mchele wake, na mimi ningefurahi zaidi angenigombeza.

Ikaingia wiki ya mavuno makubwa. Kila mtu shambani. Dada anachuma, wachumaji wa kukodi wanachuma, jioni watu wanakaa kuchambua makonyo, kutenga karafuu na vijiti vyake, na mimi na majamvi yangu. Mama naye anakaa kizingitini anachambua, kazi hiyo haitaki macho. Barabarani yanapita magari ya vyama vya siasa na vipaza sauti, watu wameshaanza kutosalimiana, duka la huyu hanunui yule, na mimi hata habari hizo zilikuwa zinanipita. Nilikuwa nimechoka. Kuchoka kwa karafuu si kama kuchoka kwa kulima. Ni kuchoka kwa kufanya kitu kimoja, na ukimaliza jamvi la saba, la kwanza limeshakungoja.

Karafuu unazipindua kwa miguu. Unaingia juu ya jamvi unaburura nyayo, unakwenda moja kwa moja mpaka mwisho, unageuka, unarudi pembeni ya mstari wako wa kwanza, hivyo hivyo kama anayelima matuta. Usipofanya hivyo zinakauka upande mmoja. Siku hiyo, baada ya adhuhuri, kwenye jamvi la tano au la sita, miguu ilikataa. Nasema ilikataa kwa kuwa mimi sikuamua. Nikawa nakata. Badala ya kwenda moja kwa moja nikaenda mshazari mpaka ukingoni, nikageuka, nikaenda mshazari ukingo wa pili, nikageuka, mpaka nikafika mwisho wa jamvi kwa hatua chache. Kurudi nikarudi vile vile, nikianzia ukingo mwengine. Nikatoka nikakaa juu ya jiwe nijipepee.

Nilikuwa natazama jamvi bila kulitazama. Karafuu zilikuwa zimeshaanza kuwa rangi ya kahawia, na palipopita nyayo zangu jamvi limeonekana chini, jeupe. Mistari inafika ukingoni, inakunjwa, inarudi. Inapokatana imefanya macho, jicho baada ya jicho, toka mwisho mpaka mwisho. Pahali pamoja nilikuwa nimepita mara mbili kwa kusahau, na hapo jicho lilikuwa na jicho dogo ndani yake.

Nilikaa hapo mpaka nikaungua shingo. Haikuwa kama siku zile za Unguja nilipokuwa nikiona kitu nikarukia penseli. Sikuruka. Nilijisemea tu, miguu yangu imefanya kazi ya chane. Kisha nikaona aibu, maana mama alishanambia.

Nikaenda kizingitini nikakaa karibu yake.

"Mama, nimepindua karafuu vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Nimekata mshazari."

"Zitakauka upande. Rudi."

"Nitarudi. Nipe mkono kwanza." Nikamshika kidole chake cha shahada nikakiburura juu ya sakafu, mshazari, nikasimama. "Hapa ukingo." Nikakigeuza, mshazari tena. "Hapa ukingo wa pili." Nikakipeleka hivyo mpaka mwisho, nikakirudisha.

Kidole kikaanza kwenda chenyewe. Nikakiachia.

"Wangapi wapita hapa?" akauliza.

"Vipi wangapi?"

"Juu ya jamvi. Watu wangapi?"

"Mimi tu. Mmoja."

"Mmoja hatoshi. Mmoja kila mtu anamjua. Tia wawili. Huyu mwekundu aanze huku, na mweusi aanze kule, lakini mweusi achelewe hatua mbili."

"Wakikutana?"

"Wakikutana mwekundu apite juu. Mara ya pili apite chini. Wapishane, wasisukumane." Akacheka kidogo peke yake. "Sasa kapindue karafuu za watu."

Nikarudi jamvini na sikuwa hata na nguvu ya kufurahi.

Rangi tulizipata kwenye duka la Mhindi Wete, ukindu mzuri ukaletwa kutoka Kiuyu, tukauchemsha sufuriani mpaka vidole vyangu vikawa kama vya mchinjaji. Mama akaanza. Nikawa nampangia chane kwa mpango, nyekundu upande huu, nyeusi upande ule, na yeye anahesabu kwa midomo. Pima ya kwanza, urefu wa mikono miwili ikinyooshwa, alisuka vizuri mno, imebana, imenyooka, ukiilaza haina hata wimbi. Pima ya pili chane zikamponyoka. Akahesabu upya, akakosa. Tukafumua. Akaanza tena, akakosa pale pale. Siku ya tatu akanipa ukili mkononi bila kuniita, akanyoosha tu, akijua niko hapo.

"Suka wewe. Mimi nitakuwa nakuuliza."

Kuanzia hapo nilisuka mimi, kila nilipopata nafasi baina ya jamvi na jamvi, na yeye kila baada ya muda anauliza, "Mweusi yuko wapi sasa?" nami najibu, "Anakaribia ukingo," na yeye anasema, "Mkunje mapema, usingoje afike." Dada akipita, ukili unahamia mapajani mwa mama. Dada alikuwa na mambo yake mengi, hakutazama vidole.

Jambo moja lilinibadilika wakati ule na sijui nishukuru au nilaumu. Zamani nilikuwa naona vitu vilivyokaa: dirisha, mlango, bati. Sasa nikawa naona vinavyokwenda. Sisimizi wanaopanda ukuta wanapishana, huyu juu, huyu kando. Mwanamke anayemwaga maji ya kuoshea samaki uani, maji yanavyofunguka. Mvuvi anayefumua wavu uliojikunja, mkono unakwenda unarudi pale pale. Hata jirani wa kisimani anavyokuja kwetu: hanyooki, anakata kwa mpapai, anagusa ukuta, anageuka. Kila kitu nikawa nakihesabu. Watu husema kuona kunampa mtu nguvu. Mimi kulinichosha zaidi, maana mikono inapumzika, macho hayapumziki.

Na siku moja nililala. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko baada ya chakula cha mchana, ukili mkononi, na nilipozinduka jua limehama na vidole vyangu vinaendelea, wallahi vilikuwa vinaendelea. Kosa nililiona baadaye, nimeshasuka pima mbili mbele. Pahali pamoja mwekundu amepita juu mara mbili mfululizo. Kurudi kufumua ni siku tatu, na Rajabu imeandama. Nikaacha. Mama sikumwambia. Nilijisemea haoni, na neno hilo nilipolisema moyoni nikalisikia lilivyo, lakini sikurudi kufumua.

Tukaushona. Kushona alishona yeye, ukingo kwa ukingo, vidole vyake havikukosea hata mara moja. Jicho la ukili mmoja likagusana na jicho la ukili wa pili, na pale yalipogusana yakafanya macho makubwa zaidi ambayo mimi sikuyapanga. Nikamweleza. Akasema, "Yalikuwa lazima yaje."

Siku ya kuja kutazamwa walikuja wanawake tisa kutoka Mgogoni kwa lori la mizigo. Mkubwa wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, mama mnene, miguu imevimba, aliingia anahema na kuwasalimu watu wote mpaka paka. Dada yuko chumbani nyuma ya pazia, amepakwa liwa ya manukato mwilini, haruhusiwi kutoka. Jirani yetu naye alikuwapo, kakaa karibu na mlango. Mama nilikuwa nimemkalisha mapema upande wa ukuta ili asionekane anapapasa. Maswali yote tulikuwa tumeshayafanyia mazoezi. Chane ngapi, imeanzia wapi, mweusi amechelewa hatua ngapi. Alikuwa anayajua kuliko mimi.

Mabinti wawili wakaushika mkeka juu, wakaufungua.

Mmoja wa nyuma akauliza, "Nyekundu na nyeusi, hizo si rangi za chama gani?"

"Wewe nawe," shangazi akamjibu bila kugeuka. "Mwaka huu hata mchicha mwauuliza chama."

Akasogea. Akaweka uso karibu na mkeka mpaka pua ikagusa, akaenda nao ukingo mpaka ukingo, vidole vinatembea. Sikumsikia akisema huu tunao. Nilianza kupumua. Halafu kidole kikasimama, na mimi nilijua kimesimama wapi kabla sijaona.

"Bi," akamwambia mama, kwa heshima, "hapa mwekundu kapita juu mara mbili. Ndiyo nakshi yenyewe, au ni kosa?"

Watu wote wakamtazama mama. Swali hilo hatukulifanyia mazoezi, maana mimi sikumwambia. Angeweza kusema ni nakshi. Angesema hivyo, ingekuwa nakshi, nani angembishia.

Mama aligeuza uso kuelekea sauti, lakini akaugeuza zaidi kidogo, akawa anazungumza na nguzo.

"Sijui," akasema. "Mkeka huu sikuusuka mimi. Mimi nimesuka pima moja ya mwanzo, na kushona. Macho yangu hayaoni tena. Aliyesuka ni huyu mwanangu mdogo. Muulizeni yeye."

Nyuma ya pazia kikaanguka kitu, kikombe au kitana. Jirani wa mlangoni akainamisha kichwa akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Na mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: mkeka wa mkono wa mama si wa mkono wa mama. Sasa wana haki ya kuukunja, na hawahitaji hata kusema wanao.

Shangazi akanigeukia. "Haya. Hapa pana n'ni?"

"Nililala."

"Ulilala wapi?"

"Hapo hapo. Ukili uko mkononi. Nilikuwa nimepindua karafuu tangu asubuhi."

Mmoja akacheka. Shangazi hakucheka.

"Na nakshi hii umeitoa wapi?"

"Jamvini. Nilichoka kwenda moja kwa moja, nikakata."

"Na huyu mweusi?"

"Mweusi kamtia mama. Mimi nilikuwa na mmoja tu."

"Kamtia naye haoni?"

"Haoni."

Akamtazama mama muda mrefu. Mama alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alikuwa amechoka, nilimwona, kuchoka ambako mimi na karafuu zangu zote sikuwa nimefika.

"Basi," shangazi akasema, akiwaelekea wale mabinti, "mnangoja nini na mimi miguu yaniuma? Tandikeni nikae."

Wakautandika. Akashuka kwa kuugua, mkono mmoja begani kwangu, akakaa katikati. Wengine wakavua viatu wakafuata. Mama akanivuta ncha ya kanga.

"Wamekaa?"

"Wamekaa."

"Wote?"

"Wote. Na jirani anakuja."

Akaegemeza kichwa ukutani. Pazia likasogea, dada akatoa mkono tu, mkono wenye liwa, akamshika mama bega. Chai ikaletwa. Wanawake wakarudia mazungumzo yao ya nani kaolewa na nani hakusalimia nani kwa ajili ya chama, lakini shangazi hakuwa nao. Alikuwa ameinama, anahesabu chane kwa kidole, midomo inatembea, na nilijua anahesabu ili akifika kwake ausuke. Akafika mahali akapoteza. Akaanza tena. Mtu akampa kikombe, akapoteza tena. Mara ya tatu akakiweka kikombe chini akanishika mkono.

"Njoo ukae hapa unihesabie," akanambia kwa sauti ya chini. "Macho yangu nayo siku hizi siyaamini."

Nilikuwa nataka kulala, si jengine. Nikakaa, nikaweka kidole pale anapoanzia mwekundu.

"Moja," nikasema.